Jungu Kuu: Barua za Supu Katika Msimu wa Kipupwe

Tangu kusi ilipoanza kuvuma na baridi ya kipupwe kuingia mpaka vyumbani, barua za wasomaji wa safu hii zimegeuka kuwa za jambo moja, nalo ni supu. Nimechagua saba, nikaziacha zilizouliza lile lile alilokwisha kuuliza mwenzake, pamoja na mbili zilizokuja kunifundisha mimi, ambazo nimezisoma kwa adabu na kuziweka kando.

*Shikamoo Bi Mkubwa. Ami yangu aliyeko Maskati ameniletea chungu cha umeme kinachopika polepole, kile unachokiwasha asubuhi ukaenda kazini na ukirudi jioni ukakuta chakula kimeiva. Ninakaa katika majumba ya Michenzani, ghorofani, na moshi wa mkaa umekwisha kunichosha, kwa hiyo nilikipokea kwa furaha kubwa. Nimejaribu supu ya mbuzi mara tatu. Nyama inalainika vizuri, lakini supu yenyewe ni maji matupu, haina harufu wala rangi, na mume wangu anasema aliyokunywa alipolazwa hospitali ilikuwa na ladha zaidi. Mbatata nazo zinabaki ngumu wakati nyama imeshaachana na mfupa. Nakosea wapi?*
Mfanyakazi wa ofisini, Michenzani

Marahaba mwanangu, na mume wako mwambie asubiri kidogo. Kosa lako ni moja ingawa limezaa matatu: umekitumia chungu hicho kama sufuria iliyokaa juu ya jiko, na chenyewe hakifanyi kazi ya jiko.

Kitazame kifuniko chake baada ya saa moja. Utaona kimetoka jasho, matone yamejikusanya kwenye ukingo wa kioo, yanateleza na kurudi ndani moja moja. Juu ya mkaa, supu iliyotiwa vikombe 9 vya maji hupungua taratibu mpaka ikabaki vikombe 6, na kupungua huko ndiko kunakoifanya iwe nzito na iwe na ladha. Ndani ya chungu cha umeme, karibu maji yote uliyotia asubuhi utayakuta jioni, na tena yatakuwa yameongezewa na yale yaliyotoka katika nyama na vitunguu. Kwa hiyo anza na hivyo vikombe 6, au hata 5 na nusu, kwa kilo moja na nusu ya nyama yenye mifupa, na nyama ikichungulia juu ya maji iache ichungulie.

Rangi na harufu ni jambo la pili. Maji hayapiti nyuzi joto 100, na chungu chako hufika karibu na hapo kwa kujikongoja, baada ya saa kadhaa. Ile harufu inayomwita jirani hutoka pale nyama na kitunguu vinapoguswa na moto mkali, wa nyuzi 140 na kuendelea, bila ya maji kuingilia kati. Chungu hakiwezi kukaanga. Itakubidi uwashe jiko la gesi kwa dakika 15 kabla hujaondoka: kaanga vitunguu maji viwili katika mafuta kidogo mpaka viwe rangi ya asali, tia nyama uliyoikausha kwa kitambaa, usiigeuze geuze, iache ishike rangi upande mmoja kwanza. Kisha weka thomu na tangawizi ulizozitwanga pamoja, na tungule moja ukipenda. Mwisho mwaga kikombe kimoja cha maji ya moto, ukwangue kwa mwiko ule ukoko uliong'ang'ania chini ya sufuria, na vyote uvimimine katika chungu. Ukoko huo usiuache, kwani umebeba nusu ya ladha unayoitafuta.

Mbatata zinabaki ngumu kwa sababu joto la chungu hicho hutoka ubavuni na chini, na halichemki kwa nguvu kama la jiko. Zikate ndogo, zitandike chini na pembezoni pamoja na karoti, kisha nyama ije juu yake. Nyama usiiweke ikiwa imeganda, kwani itakipoza chungu na kukaa muda mrefu katika uvuguvugu ambao vijidudu huupenda. Chungu kijae zaidi ya nusu na kisizidi robo tatu, ukipike kwa moto mdogo muda wa saa 8, au kwa mkubwa saa 4 hadi 5, na usifunue kuangalia. Kila ukifunua hupoteza joto ambalo hakitalirudisha kabla ya dakika 20 au 30, na mwenye kufunua mara nne amejiongezea zaidi ya saa nzima.

Viungo tia vizima: punje 10 za pilipili manga, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki 3, karafuu 2 basi. Najua wasomaji wa Pemba watanuna, lakini karafuu ikikaa saa 8 katika maji ya moto hutoa mafuta yake yote, na mafuta hayo ndiyo yale ambayo waganga wa meno huyatumia kutuliza maumivu. Supu haipasi kuutia ulimi ganzi. Ndimu na kotmiri ni vya mezani. Ndimu iliyochemshwa hupoteza harufu, na maganda yake yakichemshwa nayo huleta uchungu.

Ukishaizoea ya mbuzi, ujaribu makongoro, kwani hapo ndipo chungu hicho kinapostahiki sifa. Mwombe muuza nyama aikate miguu kwa shoka, uibabue juu ya moto, uiparue kwa kisu, uichemshe jikoni dakika 10 na kuyamwaga maji hayo ya kwanza yenye povu. Kisha iingie chunguni kwa moto mdogo kuanzia usiku, saa 10 hadi 12, ukaifungue asubuhi kwa chapati. Kano na ngozi za miguu zina utando mgumu ambao haushindwi na ukali wa moto bali na muda, na baada ya saa nyingi za joto la kiasi hugeuka kuwa ule ute unaonata midomoni. Wazee wetu walilijua hilo bila ya umeme: waliyafukia makaa kwa majivu, wakainjika chungu cha udongo na mkungu wake, wakaenda kulala. Hata huyo aliyebuni cha umeme, Mmarekani Irving Naxon, aliyepata hataza yake mwaka 1940, alikuwa amesimuliwa na mama yake, mtu wa Lithuania, juu ya chungu cha nyama na maharage kilichokuwa kikiachwa usiku kucha katika tanuri la mwoka mikate, kwa sababu Mayahudi hawawashi moto siku ya Sabato. Mwaka 1971 kilianza kuuzwa kwa wingi huko Marekani kwa jina la Crock-Pot.

La umeme lisikutishe. Chungu cha wati 250 kikiwaka muda wa saa 8 mfululizo hakizidi yuniti 2. Nacho chako kimetoka Maskati, ambako umeme ni volti 240 na plagi ni ya meno matatu bapa kama zetu, basi hakina tabu. Nalisema hili kwa wengine, kwa sababu mimi niliwahi kuletewa kimoja kutoka Marekani, nikakikata plagi yake na kukitia ya kwetu, nikajiona fundi. Kule umeme ni volti 120. Volti 230 zikiingia katika kifaa cha 120, nguvu yake haiongezeki mara mbili kama mtu anavyodhani, bali huzidi mara tatu na nusu. Baada ya dakika chache nilisikia harufu ya plastiki, kisha bakuli la udongo likalia *ta!* na kupasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni, na supu ya kuku ikatambaa mezani mpaka kwenye daftari la hesabu za mjukuu wangu. Angalieni maandishi yaliyo chini ya kifaa kabla ya kuangalia plagi.

*Bi Mkubwa, sisi ni wanafunzi watatu tuliopanga chumba kimoja, na tuna chungu kama hicho kwa sababu mwenye nyumba hataki jiko la mkaa. Tuliroweka maharage mekundu, tukayatia chunguni asubuhi kwa moto mdogo, tukayala jioni. Kabla ya usiku kuingia tulikuwa tunatapika sote watatu. Maharage yalikuwa mazuri, hayana wadudu. Je, ni chungu kilichochafuka?*
Mwanafunzi, Tunguu

Chungu hakina hatia, wanangu, wala maharage hayakuwa mabovu. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili, ambayo huondoka yakichemka kwa nguvu na haiondoki kwa joto dogo. Uchunguzi umeonesha kwamba maharage yaliyopata joto la nyuzi 80 tu huweza kuwa na madhara zaidi kuliko yasiyopikwa kabisa. Kutapika huanza ndani ya saa moja hadi tatu, na kwa kawaida hupita ndani ya siku moja, lakini mtu akizidiwa apelekwe hospitali. Rowekeni maharage kwa muda usiopungua saa 5, mwageni maji hayo, yachemsheni katika maji mapya juu ya jiko la kawaida kwa dakika 30 yakitokota, ndipo yaingie chunguni. Kama jiko hamna, pikeni dengu au adesi, ambazo hazina shida hiyo kwa kiwango cha kudhuru, na ambazo kwa tangawizi, bizari nyembamba na ndimu hufanya supu ambayo mimi naiona bora kuliko ya maharage siku zote.

*Assalaam alaykum. Nilinunua pweza wa kilo mbili hapa Wete, akiwa bado anabadilika rangi kwa ubichi. Nikamkosha, nikamkata, nikatia maji sufuria tele, chumvi na ndimu mbili, nikapika nusu saa. Akawa mgumu kama kandambili, na supu ikawa na chumvi isiyonyweka. Nilidhani pweza akizidi kupikwa ndiyo anazidi kukakamaa, kwa hiyo niliogopa kuendelea. Yule muuzaji wa jioni pale mjini anafanya nini ambacho mimi sikifanyi?*
Msomaji, Wete

Waalaykum salaam. Ulimwepua pale pale alipokuwa mgumu kuliko wakati wote. Pweza akiingia katika moto, dakika za mwanzo nyama yake hujikunja na kukaza, na mtu akimwonja wakati huo atasema ameharibika. Kuendelea na moto mdogo ndiko kunakomlegeza, kwa sababu naye ana utando mwingi kama makongoro, ingawa wake ni mwepesi zaidi. Pweza wa kilo mbili anataka saa moja na robo, pengine na nusu, kwa moto wa kuchechemea. Mjaribu kwa kijiti cha meno katika sehemu nene ya mkono, karibu na kichwa: kikipenya bila ya kusukumwa, amekubali.

Maji tele hakuyataka. Mweke katika sufuria kavu au yenye kikombe kimoja tu cha maji, umfunike, umwache kwa moto mdogo, na ndani ya dakika 15 utamkuta anaogelea katika maji yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau inayoelekea wekundu. Maji hayo yana chumvi ya baharini tayari. Ndiyo maana chumvi yako ilikuwa ya pili juu ya ya kwanza, na supu ilipopungua ikawa hainyweki. Chumvi ya pweza huonjwa mwisho, na mara nyingi haihitajiki. Akishalainika ndipo unapoongeza maji ya moto kwa kiasi cha wanywaji, pamoja na thomu, tangawizi, pilipili manga ya kutwangwa na tungule iliyokunwa, ukachemsha dakika 10 nyingine. Ndimu ikamuliwe kikombeni.

Wavuvi humpiga pweza juu ya jiwe, na hilo si desturi ya bure, kwani hupasua nyuzi za nyama kabla ya moto kuzikuta. Asiye na jiwe wala subira amgandishe siku mbili katika friza, kwa sababu barafu inayojiunda ndani ya nyama huzipasua nyuzi zile zile. Nimejaribu njia zote mbili kwa pweza waliovuliwa bamvua moja, na sikuona tofauti ya maana, isipokuwa wa friza alitoa maji mengi zaidi. Usishangae pia kilo mbili zikibaki kilo moja, muuzaji hakukupunja.

Ama kuhusu sifa nyingine ambazo wauzaji wa jioni huwatangazia wanaume juu ya supu hii, wewe umeniuliza upishi nami nimejibu upishi.

*Bibie, mimi ni mvuvi niliyestaafu, na mke wangu, aliyenipikia miaka 41, sasa anaumwa miguu na hawezi kusimama jikoni. Anatamani supu ya samaki ya tui kama aliyokuwa akiipika. Nakuna nazi mwenyewe, nachuja vizuri, natia samaki na tui na ndimu, nafunika, nachemsha. Kila mara tui linakatika, juu mafuta, chini maji yenye chembechembe kama maziwa yaliyoganda. Yeye anakula na kusema ni nzuri, lakini ninamfahamu.*
Mzee wa Nungwi

Shikamoo Mzee wangu, na Mwenyezi Mungu amponye. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakashikwa na protini ya nazi yasikimbiane. Moto mkali huigandisha protini hiyo, ndimu huiharakisha, na mafuta yakishaachiwa huru hupanda juu. Wewe uliyatia yote matatu, tui, ndimu na moto, kwa pamoja, na juu yake ukafunika.

Kwa nazi moja iliyokomaa, kamua kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu: hilo ndilo kasimele, liweke kando. Machicha yale yale yakamue mara ya pili kwa vikombe viwili. Tui hilo jepesi ndilo la kupikia, nalo hata likikatika kidogo halina hasara. Lichemshe pamoja na kitunguu, thomu, manjano kidogo, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa na tungule, mpaka tungule ipondeke. Ukali wa ndimu au ukwaju uingie hapa, kiasi tu, au usiingie kabisa mpaka mezani. Kisha samaki: changu mzima aliyekatwa vipande viwili, au kichwa cha kolekole, ambacho wewe kwa kazi yako huna haja ya kufundishwa utamu wake. Dakika 10 zinamtosha changu, kichwa kikubwa dakika 20, na wakati huo usimkoroge, bali ishike sufuria kwa masikio yake uitikise. Samaki akishaiva, punguza moto mpaka supu itulie, mimina kasimele, na kwa upawa uchote na kumwagia juu, uchote na kumwagia juu, bila ya kusimama, mpaka uone mapovu madogo yanaanza kuchungulia pembezoni. Epua hapo hapo. Usifunike ikiwa bado ya moto.

Tui la kopo huvumilia zaidi kwa sababu viwandani hutiwa vitu vya kulishikiza, lakini kwa mke aliyekupikia miaka 41 nadhani utaendelea kukuna.

*Dada yangu, mkaza mwanangu amejifungua wiki iliyopita, na nimekuja kumuuguza. Nampa supu ya kuku yenye pilipili manga nyingi asubuhi na jioni ili maziwa yatoke. Yeye anasema pilipili inamuunguza kifua, na amesikia kwamba supu haina uhusiano na maziwa. Presha yake pia ilipanda alipokuwa mjamzito. Natia vile vidonge vya supu vya dukani ili ipate ladha. Nani kati yetu yuko sahihi?*
Mama mkwe, Chake Chake

Hongereni kwa mjukuu, dada yangu. Kila mmoja ana sehemu yake, ila yake ni kubwa kidogo. Maziwa huletwa na mtoto mwenyewe: kadiri anavyonyonya mara nyingi na kumaliza ziwa, ndivyo mwili unavyotengeneza zaidi. Supu haiyaamrishi maziwa kutoka, lakini mzazi anayenyonyesha huhitaji maji na chakula zaidi kuliko kawaida, na supu ya kuku inampa vyote viwili kwa namna asiyochoka nayo. Basi endelea kuipika, ila pilipili manga ipunguze iwe nusu kijiko kidogo kwa sufuria nzima. Joto la tangawizi linatosha kumpasha.

Vidonge viweke kando. Karibu nusu ya uzito wa kidonge cha supu ni chumvi, na mtu mzima hatakiwi kupita gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja kutoka katika vyakula vyote pamoja. Mwenye historia ya presha azingatie zaidi, na kliniki aendelee kwenda hata akijiona mzima. Ladha itoke kwa kuku mwenyewe. Ukimpata wa kienyeji, mwenye miguu migumu, mpike saa moja na nusu hadi mbili kwa moto mdogo, ukimwanzishia katika maji baridi na kuliengua povu linapopanda, ukatia kitunguu kizima chenye ganda lake la ndani, ambalo huipa supu rangi ya dhahabu. Kuku wa kisasa huiva kwa dakika 40, na huyo ukimpika saa mbili utapata nyuzi tu. Kamulia ndimu kabla ya kumpelekea. Ukali wake huufanya ulimi usiulize chumvi iko wapi.

*Mimi ni mgeni kutoka bara na nimehamia hapa kikazi. Naomba kujua, urojo ni supu au ni mchuzi?*
Mgeni, Mwanakwerekwe

Umeuliza swali la kuvunja barza. Supu hupata uzito wake kutokana na nyama au mifupa iliyochemshwa. Urojo hupata uzito wake kutokana na unga uliokorogwa na kupikwa kwa manjano, na ukali wake kutokana na embe mbichi au ukwaju, kisha humiminwa juu ya mbatata, bajia, kachori na chipsi za muhogo, pamoja na chatini ya nazi na pilipili. Kwa hukumu yangu si supu. Jirani yangu anayeuza urojo anasema ni supu, naye anauza bakuli nyingi kila siku, kwa hiyo huenda hukumu yangu ikakatiwa rufaa.

*Bi Mkubwa, kwetu supu ikibaki usiku huachwa jikoni katika sufuria yake, ikachemshwa asubuhi. Hivi karibuni watu wawili wa nyumbani wameumwa matumbo. Pili, umeme ukikatika wakati chungu kinapika na sisi tuko kazini, supu ile inafaa? Na tatu, makongoro niliyoyaweka katika friji yaliganda yakawa kama jeli, nikayamwaga kwa kudhani yameharibika. Nilifanya sawa?*
Baba wa nyumba, Bububu

Kuchemsha asubuhi hakutoshi. Nyama huwa na vijidudu ambavyo hujifungia ndani ya ganda lao moto unapowaka, vikafufuka supu inapopoa taratibu, na kati ya nyuzi 5 na 60 huzaliana kwa kasi. Sufuria kubwa iliyofunikwa, katika jikoni zetu, hubaki na uvuguvugu huo karibu usiku kucha. Supu inayobaki igawe katika vyombo vidogo vifupi, viweke ndani ya beseni lenye maji baridi uyabadilishe mara mbili tatu, na ndani ya muda wa saa 2 tangu kuepuliwa iingie katika friji. Itakaa siku 3. Wakati wa kuipasha, chota unachohitaji tu na ukichemshe jikoni mpaka kitokote. Chungu cha umeme hakifai kupashia, kwani hukirudisha chakula katika uvuguvugu ule ule kwa saa nyingi.

Kuhusu umeme, sisi wa Unguja tuliokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, hatuna haja ya kuelezwa kwamba hukatika. Ukiwa nyumbani jambo ni jepesi: ihamishie supu katika sufuria na umalizie kwa gesi. Ukiwa kazini, ikategemea chungu chako. Chenye kitasa cha kuzungusha huendelea chenyewe umeme unaporudi, nawe utakikuta kinawaka bila ya kujua kililala saa ngapi. Chenye vitufe na tarakimu kwa kawaida hubaki kimezimika, na huyo angalau anakwambia ukweli. Kwa vyovyote, ukirudi ukakuta umeme ulikatika na hujui kwa muda gani, supu hiyo usiile, hata kama inaonekana imeiva.

Na makongoro, ndugu yangu, uliyaonea. Ute ule uliotoka katika kano huyeyuka katika joto na huganda katika baridi, na supu inayotikisika kama jeli ndani ya friji ndiyo iliyopikwa ikaiva barabara. Siku nyingine engua mafuta meupe yaliyoganda juu, uirudishe sufuriani kwa moto mdogo, na kabla haijatokota itakuwa imerudi kuwa supu.